Kidole tumbo, Dkt. Burkitt na logi zisizokuwepo

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kumalizia ule mfululizo wetu wa hifadhidata, na badala yake blogu ikakaa kimya miezi miwili. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimepata kazi Nairobi nikawasahau. La hasha! Nilikuwa kitandani, na nilipotoka kitandani nilikuwa na kovu linaloanzia juu ya kitovu na kushuka hadi karibu na kinena. Kwa hiyo leo hakuna msimbo. Leo ni historia, tena historia ya kiungo chenye ukubwa wa kidole.

Ilianza Jumapili usiku hapa Malindi. Maumivu yalikuwa kitovuni, ya kuzungukazunguka, nikayalaumu mahamri na mbaazi za jioni. Jumatatu asubuhi nikatapika. Nikaenda kliniki moja (jina halina maana hapa), wakanitoa damu, wakafanya kipimo cha Widal, wakaniambia nina taifodi. Nikapewa vidonge. Hakuna aliyenibonyeza tumbo. Jumanne maumivu yakahama, yakashuka chini upande wa kulia, na kila nikikohoa nilihisi nachomwa. Nikarudi, nikaambiwa dawa inahitaji muda. Jumatano mchana, ghafla, maumivu yakapungua sana. Jamani, nilifurahi! Nikanywa uji, nikawasha kompyuta, nikajibu hata baruapepe mbili za mteja. Usiku ule ule nikaanza kutetemeka kwa homa na tumbo likawa gumu kama ubao. Dada yangu ndiye aliyehangaika kutafuta gari.

Alfajiri ya Alhamisi nilikuwa mezani kwa daktari wa upasuaji katika hospitali moja ya pwani. Baadaye alinieleza kwamba kidole tumbo changu kilikuwa kimepasuka tangu Jumatano, pengine saa ile ile niliyokuwa nafurahia uji. Shinikizo lilitoka, ndiyo sababu maumivu yalitulia. Lakini vilivyokuwa ndani vilimwagika tumboni, usaha na kinyesi pamoja. Wakafungua tumbo katikati, wakaondoa kilichobaki, wakaosha kwa maji ya chumvi lita baada ya lita, wakaacha mrija wa kutolea uchafu.

Siku ya nne bibi yangu (sisi kwetu tunamwita hawe) aliletwa kutoka Ganze kuniona. Alinitazama, akatazama ule mrija, akasema kwa uhakika kabisa: "Ugonjwa huu kwetu haukuwako. Huu ni wa Wazungu na wa nyinyi mnaoishi mjini mkila mikate." Daktari kijana aliyekuwa anapima joto la mgonjwa wa jirani akacheka. Akamwambia, "Hawe, umesema maneno ya Dkt. Burkitt."

Burkitt ndiye nani? Nilikuwa na simu, nilikuwa na bando, na sikuwa na ruhusa ya kula. Nikaanza kusoma. Haya yanayofuata ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kidole tumbo, wengine wanakiita kibole na hospitalini utasikia apendiksi, ni kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini upande wa kulia. Kina mlango mmoja tu. Mlango ukizibwa, na kipande cha kinyesi kigumu au na tezi ndogo za ukutani zilizovimba, ute unaendelea kutengenezwa ndani bila pa kutokea. Shinikizo linapanda, damu inashindwa kupita, bakteria wanasherehekea, ukuta unaoza. Baada ya siku moja na nusu hivi hatari ya kupasuka hupanda sana. Maumivu huanzia kitovuni kwa sababu neva za utumbo hazijui kutaja anwani kamili, na huhamia kulia uvimbe unapogusa utando wa ndani wa tumbo, ambao neva zake zinajua anwani vizuri. Kuhama huko ndiko dalili iliyo wazi kuliko zote. Mimi niliipata siku ya Jumanne. Nikaisimulia, na ikapita masikio.

Cha kushangaza ni kwamba dunia imechelewa sana kuuelewa ugonjwa huu. Galen, yule tabibu wa Warumi ambaye vitabu vyake vilitawala kwa zaidi ya miaka elfu moja, alipasua nyani wa kaskazini mwa Afrika badala ya watu, na nyani hao hawana kidole tumbo. Mwaka 1735 huko London, Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri, akakuta ndani ya ngiri kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Akakitoa, mtoto akapona. Hiyo ndiyo operesheni ya kwanza inayojulikana ya kuondoa kiungo hiki, na ilitokea kwa bahati tu. Ilibidi kusubiri hadi 1886 Reginald Fitz wa Boston aoneshe kwamba majipu mengi ya upande wa kulia wa tumbo, yaliyokuwa na majina chungu nzima, chanzo chake ni kijifuko hiki, na kwamba dawa yake ni kisu, tena mapema. Mwaka 1889 Charles McBurney wa New York akaeleza mahali pa kubonyeza: pima kutoka kwenye mfupa wa nyonga hadi kitovuni, simama kwenye theluthi ya kwanza. Kidole kimoja na sekunde tatu. Hakuna umeme wala betri.

Usidhani kwamba hapa kwetu hakuna aliyejua kufungua tumbo. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa bado anasomea udaktari, alishuhudia huko Kahura, katika Bunyoro, upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni. Mpasuaji alimlewesha mama kwa pombe ya ndizi, akanawa mikono na kuosha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, akakata katikati, akaunguza mishipa iliyovuja kwa chuma cha moto, kisha akafunga kidonda kwa misumari saba myembamba na kamba, na kupaka dawa ya mizizi. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Mikono yenye pombe, ndugu zangu, wakati hospitali nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinabishana kuhusu kunawa! Hiyo haikuwa kazi ya kubahatisha, ilikuwa na utaratibu.

Halafu kuna kisa cha mwaka 1902 ambacho kinawahusu watu wetu moja kwa moja. Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, na karani wake Ham Mukasa walisafiri hadi Mombasa, wakapanda meli kwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa mfalme Edward VII tarehe 26 Juni. Siku mbili kabla ya sherehe, mfalme akapasuliwa jipu la kidole tumbo na Frederick Treves. Wageni wa dunia nzima wakaambiwa wasubiri. Sherehe ikafanyika tarehe 9 Agosti, na Mukasa aliyaandika ya safari yao katika kitabu. Treves hakukitoa kidole tumbo chenyewe, alitoa usaha tu, na mzee akapona. Lililonigusa ni jingine: miaka miwili kabla, binti wa Treves mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo huo. Bingwa wa ugonjwa huu katika Uingereza nzima hakuweza kumwokoa mwanawe.

Sasa tuje kwa Burkitt, na hapa nitakaa kidogo, maana jamaa huyu angekuwa mtu wa kompyuta siku hizi angekuwa mchambuzi wa data.

Denis Burkitt alizaliwa 1911 Ireland ya kaskazini. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Baba yake mdogo, Roland Burkitt, alikuwa daktari maarufu (na wa kutisha kidogo) hapa Nairobi. Wakati wa vita vya pili Denis alitumika kama daktari wa jeshi Kenya na Somaliland, na 1946 akaenda Uganda, kwanza Lira kisha Mulago. Jina lake linajulikana kwa ajili ya saratani ya taya za watoto. Aliandika kuihusu mwaka 1958, kisha akataka kujua inapatikana wapi na inaishia wapi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walinunua gari kuukuu aina ya Ford, wakaendesha kama maili 10,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama katika hospitali zaidi ya 50 na kuonyesha picha: mmewahi kuona hii? Kwa majibu hayo wakachora ramani, na ramani ikaonyesha kwamba saratani hii inafuata joto na mvua. Hakuna satelaiti, hakuna GPS. Gari, picha na daftari.

Aliporudi Uingereza 1966 akabadilisha swali. Madaktari wa huku, akiwemo Hugh Trowell aliyefika Kenya 1929 na baadaye kufundisha Mulago, walikuwa wamesema kwa muda mrefu kwamba kuna magonjwa yaliyojaa Ulaya ambayo vijijini Afrika ni nadra kuyaona: kidole tumbo, vifuko vya kwenye ukuta wa utumbo mpana, saratani ya utumbo mpana, bawasiri. Burkitt akaanza kutuma fomu kila mwezi kwa hospitali zaidi ya mia moja, nyingi za misheni, nyingi Afrika. Umeona wangapi wenye ugonjwa huu? Umefanya upasuaji mara ngapi? Fomu zilirudi kwa posta, naye akahesabu.

Halafu akaenda mbali zaidi, na hapa msomaji kama unakula simama kwanza. Yeye na wenzake waliwapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, wakakusanya vinyesi vyao, wakavipima uzito na kuvipiga picha ili kujua chakula kinachukua saa ngapi kupita. Majibu yalitoka 1972. Wanamaji wa Uingereza walitoa kama gramu 104 kwa siku, na safari ilichukua kama saa 83. Wanakijiji wa Uganda, gramu 470 hivi, saa 36. Nadharia ikawa hii: ugali usiokobolewa, maharagwe, viazi na mboga za majani vina nyuzinyuzi, nyuzinyuzi zinafanya choo kiwe kikubwa na laini, choo laini hakizibi mlango wa kidole tumbo wala hakileti shinikizo kwenye utumbo. Mkate mweupe na sukari vinafanya kinyume. Ndiyo maneno ya hawe kabisa, ila yeye angesema wari na mutsunga.

Basi nikalala pale kitandani nikijiona mwenye hatia. Mimi ni mtoto wa chipsi, soda na kazi ya kukaa. Nilikuwa karibu kukubali hukumu.

Lakini mtu aliyekaa miaka kadhaa akisoma logi za seva ana ugonjwa wake mwingine: haamini ukimya. Ukinipa programu isiyo na kosa hata moja kwenye logi kwa mwezi mzima, sitasema programu ni nzuri. Nitauliza kwanza kama logi zinaandikwa.

Fomu za Burkitt zilihesabu waliofika hospitalini. Nani alifika hospitalini kutoka bara ya Kilifi mwaka 1935, au 1955? Kwanza ilibidi tumbo liitwe ugonjwa wa hospitali. Huku kwetu tumbo linalosokota lina jina lake la zamani, chango, na chango lina mganga wake. Pili ilibidi kuwe na njia. Hata barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi ilikatwa na mkono wa bahari pale Kilifi, na ulivuka kwa feri mpaka daraja lilipofunguliwa 1991. Tatu ilibidi uishi hadi ufike. Aliyepasukiwa kidole tumbo kijijini akafa siku ya tano hakuingia kwenye fomu yoyote. Kwa hospitali ya misheni, hakuwahi kuugua.

Sisemi Burkitt aliongopa, wala hakuwa mjinga. Yeye na Trowell walijua tatizo hili, na walijibu kwamba katika hospitali hizo hizo ngiri na matumbo yaliyosokotwa yalifika kwa wingi, basi kwa nini kidole tumbo kisifike? Ni jibu zuri. Pia waliona wagonjwa wakiongezeka mijini. Mimi nakubali kwamba ugonjwa ulikuwa adimu zaidi kuliko Ulaya. Nisichokubali ni ile hatua ya kutoka "adimu" hadi "haukuwako". Na hata sababu ya nyuzinyuzi ilipata mpinzani: David Barker alionyesha miaka ya 1980 kwamba Uingereza ugonjwa ulipanda sana kuanzia mwisho wa karne ya 19 kisha ukashuka katikati ya karne ya 20, bila watu kurudi kwenye mkate wa ngano nzima. Yeye alitazama maji safi na vyoo, na namna watoto wanavyokutana na vijidudu wakiwa wadogo au wakiwa wamechelewa. Kwa kidole tumbo mjadala haujafungwa. Kwa saratani ya utumbo mpana Burkitt amesimama vizuri zaidi. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili watu 20 weusi wa Marekani na 20 wa vijijini Afrika Kusini, na katika muda huo mfupi dalili za hatari kwenye utumbo zilipungua kwa waliopewa chakula cha kijijini na kupanda kwa waliopewa nyama na mafuta.

Hili si la vitabu tu. Tabibu aliyefundishwa kwamba ugonjwa fulani ni nadra kwa watu fulani atautafuta mwishoni. Sijui aliyenipima Jumatatu aliwaza nini, labda foleni tu. Najua kwamba alitegemea kipimo cha Widal, kilichobuniwa 1896, ambacho katika sehemu zenye taifodi kinaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyechanjwa. Sisi tunalalamika kuhusu mifumo ya miaka 20!

Na hapa Kilifi penyewe kuna watu walioamua kuandika logi. KEMRI ilianzishwa 1979, na kituo chake cha Kilifi kwa kushirikiana na Wellcome Trust kikaanza 1989. Tangu 2000 wanaendesha daftari la wakazi wa eneo zima linaloizunguka hospitali, nyumba kwa nyumba: nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Kuanzia 2008 wakaongeza jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko teknolojia yoyote niliyowahi kuisifia hapa. Mtu akifa, hata nyumbani, mhojaji aliyefunzwa huenda kwa jamaa zake baada ya muda na kuwauliza maswali yaliyopangwa. Alikuwa na homa? Siku ngapi? Alitapika? Tumbo lilivimba? Maumivu yalianza ghafla au polepole? Majibu yanaingizwa katika programu iitwayo InterVA, ambayo Peter Byass na wenzake waliijenga juu ya kanuni ya Bayes. Kila jibu linapandisha au kushusha uwezekano wa kila chanzo cha kifo, na mwisho inatoa orodha. Katika orodha hiyo kuna kundi la tumbo la dharura. Kwa maneno mengine, yule wa siku ya tano sasa anaingia kwenye hesabu.

Nirudi wodini, maana kitanda cha pili kulikuwa na mzee kutoka bara, huko Bamba, ambaye ugonjwa wake unamvuruga Burkitt kwa namna nyingine. Yeye alikuwa na msokoto wa utumbo. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye umbo la pinde, ikiwa ndefu sana na shina lake jembamba, inaweza kujizungusha kama waya wa simu za zamani. Choo hakipiti, hewa haitoki, tumbo linavimba kama ngoma, damu inakatika na utumbo unakufa. Kwa Wazungu ugonjwa huu huwapata hasa wazee wasiotembea. Afrika Mashariki umekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa sababu kubwa za utumbo kuziba, na kwa watu wenye nguvu zao. Moja ya maelezo yanayotolewa ni lile lile lililosifiwa juu: chakula chenye nyuzinyuzi nyingi huurefusha utumbo na kuujaza. Kinachokinga huku kinadhuru kule. Hawe sikumwambia hili.

Mwaka 1947 daktari wa Norway, Bruusgaard, alionyesha kwamba msokoto ukiwahiwa unaweza kufunguliwa kwa kupitisha mrija kutoka chini, bila kisu. Hewa inatoka kwa kishindo na mgonjwa anapata nafuu, lakini usipokata ile sehemu ndefu mara nyingi inajisokota tena. Ukichelewa na utumbo ukafa, wanaondoa sehemu iliyooza. Kisha swali gumu: waunganishe palepale, au watoe ncha ya utumbo nje kwenye ngozi ya tumbo? Kuunganisha kwenye tumbo lililochafuka kuna hatari ya mshono kuachia, na mshono wa utumbo mpana ukiachia unaweza kuua. Njia ya kutoa ncha nje na kuifunga ile ya chini inabeba jina la Mfaransa Henri Hartmann, aliyeieleza 1921 kwa wagonjwa wa saratani. Mzee alifanyiwa hiyo. Alipoamka akakuta choo kinatokea ubavuni kwenye mfuko.

Siku zile nilimwona akipigana na huo mfuko kuliko alivyopigana na kidonda. Hospitalini alipewa. Nyumbani je? Ile mifuko maalumu ni ghali kwa mtu wa kulima mahindi, na kuna wanaoishia kufunga kitambaa na karatasi za nailoni, ngozi ikaungua. Aliniuliza mimi, mtu wa kompyuta, kama angeweza kuswali na kitu kile. Nikamwita muuguzi, muuguzi akamwita mwalimu wa madrasa aliyekuwa anamtembelea mgonjwa mwingine, naye akamwambia dini ni nyepesi, mwenye udhuru ana hukumu yake. Nadhani jibu lile lilimponya kuliko sindano. Bado anasubiri operesheni ya pili ya kurudisha utumbo ndani.

Kwa upande wangu matatizo yalikuja kwa zamu. Siku ya sita mshono wa juu ukatoa usaha, wakaufungua, ukaoshwa kila siku ukipona kutoka chini kwenda juu. Wiki ya tatu nikarudi na tumbo limejaa hewa: utumbo ulikuwa umeshikamana na kovu la ndani ukajikunja. Kwa bahati ulijifungua wenyewe nilipofungwa kula na kuwekewa mrija wa puani. Daktari aliniambia wazi kwamba linaweza kurudi, kesho au baada ya miaka 20.

Je, ni bahati mbaya yangu tu? Kuna utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet 2018. Kwa wiki moja ya 2016 hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika ziliwahesabu wagonjwa wao wa upasuaji, zaidi ya 11,000. Walikuwa vijana na wenye afya kuliko wagonjwa wa kwingine duniani, na bado waliokufa walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia. Waliopata matatizo walikuwa asilimia 18.2, karibu mmoja kwa kila watano. Wengi mno wa waliokufa hawakufa mezani, walikufa siku zilizofuata, wodini. Yaani kisu kinafanya kazi yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuona saa nane usiku kwamba mapigo ya moyo yamepanda. Katika ulimwengu wangu tungesema mfumo hauna ufuatiliaji.

Na bado kuna habari ya kututia fahari kidogo. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji, karatasi moja yenye vipengele 19, lilichagua hospitali nane duniani. London, Toronto, Seattle... na Ifakara, Tanzania. Wazo lilitoka kwa marubani: mwaka 1935 ndege mpya ya Boeing ilianguka kwa sababu rubani mzoefu alisahau hatua moja, na wenzake wakaamua kuandika orodha. Thieta nayo ikapata yake. Huyu ni nani? Tunapasua upande gani? Dawa ya kuzuia vijidudu imetolewa ndani ya saa moja kabla ya kukata? Pamba zimehesabiwa? Majibu yalichapishwa Januari 2009: kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Mimi ninayesahau kuweka nakala rudufu kabla ya kusasisha seva, niliisoma karatasi hiyo mara mbili.

Mengine kwa haraka. Mwaka 1980 Kurt Semm wa Ujerumani alitoa kidole tumbo kupitia matundu madogo kwa kutumia kamera, na madaktari wenzake wakamwona kichaa. Leo ndiyo kawaida penye vifaa. Na mwaka 2020 utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 1,552 ulionyesha kwamba dawa za kuua bakteria peke yake zinaweza kutosha kwa wengi ambao hakijapasuka, ingawa 29 katika kila 100 walipasuliwa ndani ya siku 90. Ni habari njema, ila inamfaa anayeweza kupata picha ya uhakika ya tumbo na kurudi hospitalini usiku huo huo akizidiwa. Kutoka Ganze hiyo ni hesabu tofauti.

Nimekuwa Ganze wiki mbili nikipata nguvu. Jioni moja, kwa utundu tu, nikachukua orodha ya maswali kama yale ya wahojaji na kumwuliza hawe kama aliwahi kumzika mtu aliyeugua tumbo. Akasema ndiyo, mdogo wake, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kijana wa miaka 14 hivi. Waliambiwa ni chango. Nikauliza: lilianzia wapi? Kitovuni. Likabaki hapo? La, likahama. Alitapika? Sana. Homa? Ndiyo. Siku ngapi? Akahesabu kwa vidole. Siku ya tatu alipata nafuu, akasema, aliinuka akaomba uji, mama akapiga vigelegele. Siku ya tano wakamzika.

Nikamwomba anionyeshe lilihamia upande gani. Alinyosha mkono, akaweka kidole tumboni mwangu, chini, kulia kwa kovu.